Sanduku la agano la plaiwudi

Wametuletea sanduku la agano, lile la Musa la kuwekea mbao za amri kumi. Mfano wake, niseme, maana ni plaiwudi iliyopulizwa rangi ya dhahabu ya kopo, pembe moja imeshabanduka na ubao unaonekana. Juu yake makerubi wawili wanatazamana kama bata waliogombana. Mhubiri katoka bara, semina ni ya siku za mwisho, ukumbi umejaa hadi watu wamekaa madirishani. Mwisho wa maombi vitambaa vyeupe vikagusishwa kwenye sanduku, kisha vikauzwa, elfu kumi kimoja. Mama mmoja mbele yangu alichukua vitatu, akafungua fundo la kanga yake akahesabu noti za elfu mbili mbili. Sikumcheka. Huyo nilimwonea uchungu, na hasira zangu nikazielekeza jukwaani.

Mahubiri yenyewe mnayajua, yameshazunguka kwenye simu zenu. Ng'ombe watano wekundu walipelekwa Israel kutoka Texas mwaka 2022, sasa bado mmoja achomwe yapatikane majivu ya utakaso ya Hesabu 19, lijengwe hekalu la tatu Yerusalemu, sanduku litoke lilikofichwa, kisha unyakuo, waumini wachukuliwe mbinguni. Kila kitu kimepangwa kama ratiba ya boti ya Dar.

Haya, tusome. Yeremia 3:16 inasema zitakuja siku watu hawatalitaja tena sanduku la agano, hawatalikumbuka wala hawataona kama limepungua. Yohana naye analiona kwenye Ufunuo 11:19, lakini analiona mbinguni, si pangoni. Na mfalme Hezekia alipokuta watu wanamfukizia uvumba yule nyoka wa shaba wa Musa, chombo halali kabisa, kilichotengenezwa kwa amri ya Mungu, alikivunja vipande. Sasa kama cha Musa kilivunjwa, cha plaiwudi tukifanyeje?

Najua mtanitupia Matendo 19, leso za Paulo. Sawa, zimeandikwa, wagonjwa walipona, siwezi kuzifuta. Bei yake tu ndiyo sijaiona mahali.

Tarehe za mwisho wa dunia sizigusi. Wahubiri wa Marekani walizitaja: William Miller alingoja Oktoba 22, 1844, Harold Camping akatangaza Mei 21, 2011, na asubuhi yake watu waliamka wakapika chai. Ila Shakahola, hapo Kenya tu, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, watoto wamo, wamefunga kula ili wakamwone Yesu. Kwa hiyo anayeniambia "waache, haya mambo hayana madhara," naomba anyamaze.

Linaloniuma hasa ni kwamba haya yanafanyika Unguja. Unguja! Mji ambao Mkristo akitaka kitu kitakatifu cha kutazama kwa macho, anateremka daladala Darajani, anakwenda kwa miguu mpaka Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Mbele ya altare sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Hapo, tumesimuliwa, ndipo uliposimama mti wa kuwafungia watumwa wakichapwa. Kwenye nguzo pembeni umetundikwa msalaba mdogo wa mbao, unaweza ukaupita usiuone. Mbao yake inatoka kwenye mti wa kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, ambapo moyo wa Livingstone, yule mmisionari mpelelezi aliyeupinga utumwa, ulizikwa chini yake Mei 1873. Mwili wake watumishi wake, akina Chuma na Susi, waliukausha juani, wakaubeba kwa miezi mpaka Bagamoyo. Mzungu akazikwa Westminster Abbey. Chuma alifia hapahapa Unguja. Na mwezi mmoja tu baada ya moyo ule kuzikwa, Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, akalifunga soko la watumwa, Waingereza wamemkaba. Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa hilo.

(Waongoza wageni nao wanatia chumvi. Vile vyumba vya chini wanavyowaonesha watalii, wapo wanahistoria wenye mashaka navyo. Ya nguzo zilizosimamishwa kichwa chini wakati Askofu Steere, mjenzi wa kanisa, kasafiri, hiyo waacheni nayo, tamu.)

Sasa fungueni Ufunuo 18. Babeli imeanguka, na wafanyabiashara wa dunia wanalia. Hawalii kwa ajili ya mji, wanalia kwa sababu hakuna tena wa kununua shehena yao. Yohana anaitaja shehena yenyewe, kitu kwa kitu: dhahabu, fedha, lulu, vyombo vya pembe za ndovu, mdalasini, iliki, uvumba, mafuta, ng'ombe, farasi. Kisha, mwisho kabisa, miili na roho za wanadamu.

Mwenzangu, umekulia Unguja, unasoma orodha hiyo husikii kitu? Pembe, viungo na watu: kwa bidhaa hizo tatu mji huu ulitajirika. Na msikimbilie kuwanyooshea kidole Waarabu peke yao. Pembe zilikwenda London na Bombay, zikaenda Connecticut kutengenezewa vinanda, na vinanda hivyo vilipigiwa tenzi za rohoni. Walionunua walikuwa na Biblia mezani.

Hiyo kwangu ndiyo maana ya unabii, kumwambia mwenye duka kwamba Mungu kaiona bei aliyoandika. Na duka halijafungwa. Mabinti wa hapa wanapelekwa Uarabuni kazi za ndani, wapo wanaofika pasipoti ikachukuliwa na mwajiri, mshahara ukacheleweshwa, simu ikazimwa. Wengine wanarudi hawataki kusema kilichowapata. Mhubiri wa siku za mwisho, una neno kwa hao? Kwenye semina sikulisikia. Tuliambiwa ya chapa ya mnyama na chanjo, basi.

Jirani yangu Mwislamu, tunakaa naye barazani jioni, aliniambia kwao Tabuti, yaani sanduku hilohilo, imo kwenye Suratul Baqara na hajaona mtu akiikatia tiketi. Nikamsomea Ufunuo 18 kwenye simu. Akaniuliza, "Mbona watu wamewekwa mwisho, baada ya farasi?" Nikamwambia kaandika kama wenyewe walivyowahesabu. Akasema, "Basi huyo alikuwa anawajua wafanyabiashara."

Mzee mmoja wa kanisa anasema sura hiyo tusiisome kwa sauti, itawakera majirani. Jirani yupi? Wangu alitaka niendelee.

Padri, kama haya yatakufikia: Majilio, zile wiki za kuingojea Krismasi, hayako mbali. Tusomee sura ya 18, na usiishie kwenye mdalasini.