Mbwa Asiyeshikika Hachanjiki

Mwaka juzi timu ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilipokuja mtaani kwetu, mbwa wangu Tomi alirudi bila sindano. Tulikuwa watu watatu na kamba ya katani. Alinguruma, akajikunyata, na kijana mmoja alipomkaba shingo akajichomoa na kukimbilia mtoni. Asubuhi ile niliona mbwa wengine kadhaa wakirudishwa hivyo hivyo, na roho iliniuma. Ili ugonjwa huu ukose njia ya kusambaa, walau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanatakiwa wachanjwe, na dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Kwa hiyo mbwa asiyegusika ni hatari hata kwa mtoto wa jirani.

Kosa lilikuwa langu. Tomi aliujua mkono wa mtu kwa mambo mawili tu: fimbo na mnyororo.

Nikanunua dagaa wakavu. Siku ya kwanza nilimgusa bega, nikampa dagaa mmoja, basi. Mguso unatangulia, dagaa anafuata papo hapo. Ukianza kumwonyesha dagaa ndipo umshike, ataona chakula ni mtego. Baada ya siku chache nikahamia sikioni: nalikunja, nahesabu moja, mbili, naachia, dagaa. Akikwepa simvuti, narudi begani. Miguu ndiyo iliyonisumbua, wiki mbili nzima. Kisha jioni moja nimekaa kwenye kigoda, akaja mwenyewe, akaweka mguu wa mbele juu ya goti langu, akatulia kunitazama huku mkia ukifagia vumbi. Niliuchunguza ule mguu ukucha kwa ukucha, nikatoa mwiba ambao sijui alikaa nao tangu lini.

Mzee jirani yangu, ambaye namheshimu sana, aliniambia, "Mwanangu, unamharibu huyo. Mbwa hufunzwa kwa kiboko." Wengi wanaamini hivyo, kwamba mbwa akilishwa mkononi hatalinda tena. Tomi bado anabweka usiku mgeni akigusa geti. Kilichoisha ni kuwaogopa watu wa nyumbani. Na mbwa anayechapwa kwa sababu amenguruma haachi kuogopa, anaacha kuonya tu; siku nyingine atauma kimya kimya.

Anayeona haya ni mambo ya Wazungu na mbwa wao wa ndani, aangalie Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa mlio mdogo wa "tik" na kipande cha ndizi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania akaenda kufanya kazi Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi zaidi ya 100; mwaka 2020 PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, likamtunuku medali ya dhahabu. Kazi ya hatari kiasi hicho, na mshahara ni ndizi!

Nami nikampa Tomi kazi ya pua. Nafunika makopo matatu uani, moja lina dagaa chini yake. Anapita la kwanza, anapita la pili, kwenye la tatu anasimama, pumzi zake zinapeperusha vumbi ukingoni mwa kopo. Hapo nalifunua upesi. Dakika kumi za mchezo huo na analala ametosheka, yeye aliyekuwa akitafuna mnyororo mchana kutwa. Mbwa wa kufungwa anahitaji hili kama anavyohitaji maji.

Mwaka huu timu ilipokuja, binti yangu alimshika Tomi sikio, mtaalamu akachoma, na Tomi akageuka kuudai mkono wenye dagaa. Mbwa wa mzee amerudishwa tena. Jumamosi nitampitia mzee na kikopo changu, tuanze na bega.