Kilichojaza maziwa kutoka Nakuru hadi Kisumu

Tangu Ziwa Nakuru lianze kufura baada ya mwaka 2010, familia zilizofukuzwa na maji huko Mwariki na Baruti zimepewa maelezo mawili yasiyopatana. Ya kwanza husema kwamba ardhi ya Bonde la Ufa imesogea, na nyufa zilizokuwa zikinyonya maji chini ya maziwa zimezibika. Ya pili husema kwamba ni mvua. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021, iliyoandaliwa pamoja na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na kukadiria kwamba watu karibu 400,000 wameathirika nchini, iliegemea maelezo ya pili. Hata hivyo, ukisikiliza mazungumzo ya barazani na ya redioni katika kaunti hii, utagundua kwamba ni yale ya kwanza yaliyoota mizizi, na wanaotaja mvua huonekana kama watu wanaokwepa swali.

Si vigumu kuelewa kwa nini. Anayeishi Nakuru hahitaji kuambiwa kwamba ardhi hii ina uhai. Upande wa kaskazini wa mji kuna shimo la Menengai, lenye upana wa kilomita 12 kwa 8, ambako mvuke bado unafoka. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia na kuacha ufa juu ya ardhi kwa urefu wa kilomita zipatazo 38. Mwezi Machi 2018 ardhi ilifunguka karibu na Maai Mahiu na kuikata barabara ya Narok, na picha zake zikasambaa duniani zikiwa na maneno kwamba Afrika inapasuka. Wanajiolojia kadhaa walieleza kwamba mvua kubwa ndiyo iliyokuwa imesomba majivu ya volkano yaliyojaa ndani ya mpasuko wa zamani, lakini maelezo hayo hayakusafiri mbali kama zile picha.

Hoja ya ardhi ina nguvu yake ya kisayansi pia. Maziwa Naivasha na Baringo hayana mto unaotoka, na bado maji yake ni matamu. Katika nchi yenye jua kali kama hili, ziwa lisilo na mlango wa kutolea maji lingepaswa kugeuka kuwa la magadi. Kwa hiyo wataalamu wamekubaliana kwa muda mrefu kwamba maji hayo hupenya chini kupitia miamba iliyopasuka, yakibeba chumvi. Ikiwa njia ya maji iko ndani ya nyufa, mtu ana haki ya kuuliza kinachotokea nyufa zikijibana. Swali hilo halipaswi kudharauliwa.

Lakini lipeleke swali hilo hilo kwenye Ziwa Nakuru lenyewe. Hili ni la magadi, na magadi yake ni ushahidi kwamba maji hutoka hasa kwa kukaushwa na jua, huku chumvi ikibaki nyuma. Ziwa ambalo halikuwa na tundu kubwa chini yake haliwezi kujaa kwa sababu tundu limezibwa. Na bado ndilo lililopanuka kutoka kilomita za mraba takriban 40 hadi karibu 70 kufikia mwaka 2020, likameza lango kuu la mbuga na kuyapunguza makali ya magadi kiasi kwamba heroe (flamingo), wanaotegemea mwani wa maji makali, walihamia kwingine kwa wingi. Elmenteita na Bogoria, ya magadi pia, yalipanda katika miaka hiyo hiyo pamoja na Naivasha na Baringo yenye maji matamu. Ili nyufa zibebe lawama hiyo yote, ingebidi zijifunge kwa pamoja kwenye mabonde kadhaa yaliyotengana, bila tetemeko lolote la kulinganishwa na lile la Subukia.

Ushahidi unaonishawishi zaidi, hata hivyo, uko Kisumu. Uso wa Ziwa Viktoria uko zaidi ya mita 600 chini ya uso wa Ziwa Nakuru, na kati yao umesimama ukuta wa Mau. Ghuba ya Winam imelala ndani ya ufa wake mdogo, lakini ziwa lenyewe, kilomita za mraba zipatazo 68,800, ni sinia pana lisilo na kina kikubwa, lililotokea takriban miaka 400,000 iliyopita pale ardhi ya magharibi ilipoinuka na kuirudisha nyuma mito kama Kagera na Katonga. Sinia hilo halishiriki nyufa na Nakuru. Hata hivyo, kati ya mwisho wa mwaka 2019 na Mei 2020 lilipanda kwa zaidi ya mita moja, na wavuvi wa Dunga wakaona maji yakiingia mahali walipokuwa wakianikia nyavu.

Hebu tuipime mita hiyo moja. Kuinua ziwa la ukubwa huo kwa mita moja kunahitaji maji ya takriban mita za ujazo bilioni 69, juu ya yale yanayopotea kila siku kwa jua na kwa mto Nile kule Jinja, Uganda, unakotokea ziwani. Hakuna chemchemi wala mpasuko unaojulikana unaoweza kumwaga kiasi hicho katika muda wa miezi michache. Mvua inaweza, kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Viktoria, kama asilimia 80, hunyesha moja kwa moja juu ya ziwa. Mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto kupita kawaida yakilinganishwa na yale ya upande wa Indonesia, na hali ya namna hiyo huzifanya mvua za vuli za Afrika Mashariki kuwa za mafuriko. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 1961.

Mwaka huo wa 1961 ndio ninaotamani uingie katika kila mjadala. Mvua zake, na zile zilizofuata, zililipandisha Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita mbili, hadi kipimo cha kimo cha maji kilichoko Jinja kikasoma mita 13.41 mwaka 1964. Mwezi Mei 2020 kilisoma 13.42. Kati ya vilele viwili vilivyoachana kwa miaka 56 kuna tofauti ya sentimita moja, na Mei 2024 kiwango hicho kikavukwa tena. Waliojenga ufuoni baada ya 1964 walijenga kwenye ardhi iliyofikiwa na maji wazazi wao wakiwa hai. Sentimita hiyo inajibu pia sehemu ya hoja ya tatu, kwamba chanzo ni kukatwa kwa msitu wa Mau. Ukataji umeleta madhara makubwa, zaidi ya hekta 100,000 zimepotea, na mito ya Njoro na Nyando inabeba udongo mwingi. Lakini mwaka 1964 sehemu kubwa ya msitu huo ilikuwa bado imesimama, na ziwa lilifika palepale.

Kinachosikitisha ni kwamba wanaotetea hoja ya ardhi huitumia jiolojia nusu tu. Mabamba ya ardhi yanayolipanua Bonde la Ufa hapa Kenya yanaachana kwa milimita chache kwa mwaka. Kasi hiyo inatosha kuchimba bonde katika mamilioni ya miaka, na bila bonde hilo kusingekuwa na maziwa. Lakini kimo cha maji cha mwaka huu kinaamuliwa na mvua na jua, na anayetushuhudia hilo ni mwamba wenyewe. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, ukiokota kipande cha ile ardhi nyeupe inayochimbwa, utashangaa kilivyo chepesi, na vidole vitabaki na unga kama wa chaki. Kila chembe ni gamba la mwani mdogo sana ulioishi ndani ya ziwa lenye kina kirefu ambalo halipo tena. Kwenye Hyrax Hill, kilima kilichochimbwa na Mary Leakey mwaka 1937, kuna ufuo wa kale juu kabisa ya ziwa la leo. Takriban miaka 9,000 iliyopita, katika kipindi cha mvua nyingi, Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja lililofika kiasi cha mita 180 juu ya kiwango cha sasa, na sehemu kubwa ya jiji la Nakuru ilikuwa chini ya maji. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa hilo hilo lilikauka karibu lote. Migunga mikavu inayosimama majini mbugani leo iliota katika miaka ya maji haba. Ilikuwa na nafasi ya kukua kwa sababu ziwa lilikuwa limejivuta.

Tofauti ya maelezo haya ina gharama. Ardhi ikiwa ndiyo mkosaji, hakuna afisa wa kuulizwa, kwa maana hakuna anayeweza kuiamuru itulie, na aliyeuziwa ploti ufuoni anabaki na msiba usio na mhusika. Mvua ikiwa ndiyo chanzo, basi mipaka inawezekana kuchorwa. Wakulima wa Naivasha walilijua hilo katika miaka ya 1930, walipokubaliwa kulima ardhi iliyoachwa na ziwa kwa sharti kwamba wasijenge majumba ya kudumu, kwa kuwa ziwa lingeweza kurudi.

Sipendekezi mpaka wa mita 180, maana ungefuta jiji zima. Napendekeza kwamba mpimaji anayeweka vigingi kando ya Ziwa Nakuru au Winam aandike kwenye ramani yake kiwango cha maji alichotumia na mwaka wake, na kwamba mwaka huo usiwe wa ukame. Hatimiliki iliyopimwa mwaka 1996 na ile iliyopimwa mwaka 2020 hazihusu ziwa moja, na mnunuzi ana haki ya kujua ameuziwa ipi.