Folda ya pamoja haifunguki: tulegeze Windows au turekebishe seva?

Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi ndogo zikalazimika kuhamia Windows 11. Pamoja na uhamisho huo yakaja malalamiko ya aina moja: folda iliyoko kwenye seva, ambayo jana kila mtu aliifungua, leo inakataa. Kompyuta inadai kwamba sera za usalama za taasisi yako zinazuia kuingia kama mgeni asiyetambulishwa. Duka la vipuri lenye kompyuta nne halijawahi kuwa na sera yoyote ya usalama. Mwenye duka anampigia fundi, fundi anapekua mtandaoni, anapata amri mbili za kurudisha mambo yalivyokuwa, analipwa, anaondoka.

Je, fundi huyo kaharibu kazi? Watu wa usalama watajibu ndiyo kabla hujamaliza kuuliza. Mimi nadhani jibu linategemea mambo ambayo pande zote mbili huyaruka.

Kwanza, kilichobadilika. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililoanza kusambazwa Oktoba 2024, lilibana vitu viwili katika SMB, itifaki inayobeba faili kati ya kompyuta za Windows na seva. Kuingia kama mgeni bila nywila, jambo ambalo kwa Enterprise, Windows ya mashirika makubwa, lilikuwa limefungwa tangu 2017, sasa limefungwa hata kwa Pro, ile ya biashara ndogo. Na kila mawasiliano yanatakiwa yawe na sahihi ya kidijitali, inayothibitisha kwamba data haikuchezewa njiani. Mambo haya mawili yanafuatana: ufunguo wa sahihi hutokana na nywila, na mgeni hana nywila. Vile visanduku vya NAS, yaani diski za pamoja za mtandao wa ofisi, ambavyo watu walivinunua, wakavichomeka kwenye ruta na kuviacha wazi kwa wote, ndivyo vilivyoumia zaidi.

Watetezi wa mabadiliko haya hukimbilia kutaja WannaCry, kirusi kilichofunga faili za kompyuta duniani kote kuanzia tarehe 12 Mei 2017, hospitali za Uingereza zikiwemo. Mfano huo una nguvu, ila hauko mahali pake. WannaCry ilipenya kupitia udhaifu wa SMB1, toleo kongwe la itifaki, na Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha kuuziba Machi mwaka huohuo. Ni hoja ya kuzika SMB1 na kusasisha kompyuta kwa wakati. Kuhusu mgeni asiye na nywila haisemi mengi.

Hoja nzito zaidi ni nyingine, nayo haitajwi sana. Amri zile za fundi, za kuruhusu mgeni na kuondoa sharti la sahihi, hazigusi seva hata kidogo. Zinalegeza laptopu. Mhasibu akiibeba laptopu hiyo hadi hotelini au uwanja wa ndege, inakwenda na ulegevu wake, tayari kupokea faili kutoka kwa mashine yoyote inayojifanya seva. Yaani hatari inahama kutoka kwenye kisanduku kilichojificha nyuma ya kaunta, na kuzunguka mjini.

Hata hivyo sikubaliani na wanaomcheka fundi. Tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani ya VAT Tanzania na Kenya, hakuna mhasibu atakayesikiliza somo la usalama huku jedwali lake limefungiwa. Kuna pia vifaa ambavyo watengenezaji wake waliacha kuvitolea masasisho, na kununua kipya si jambo la kuamuliwa mchana mmoja. Na ule ujumbe wa hitilafu unastahili lawama: unamwambia mwenye duka kwamba taasisi yake imezuia, wakati aliyezuia ni Microsoft. Mtu aliyeelezwa vibaya tatizo lake hawezi kuchagua dawa vizuri.

Kinachonikera zaidi ni amri zile kupigwa hata pale ambapo tatizo ni jingine kabisa. Hitilafu 0x80070035 mara nyingi ina maana kwamba njia ya kufika kwenye seva haijapatikana: huenda seva imebadilishiwa anwani ya IP (namba yake ya mtandaoni) na ruta, au folda iko kwenye kompyuta ambayo Windows yake imeuhesabu mtandao wa ofisi kuwa wa hadharani na kuificha kwa wengine. Hapo mara nyingi hujakataliwa na mtu, hujafika tu. Mwingine anaandika PIN anayofungulia laptopu yake na kushangaa seva inamgomea. PIN ya Windows inafanya kazi kwenye mashine ileile tu, seva inataka nywila. Kwenye ofisi yenye domeni, yaani seva moja inayosimamia kuingia kwa wote, betri ndogo ya ubao mama ikifa saa inarudi nyuma, na tofauti ikizidi dakika tano Kerberos, mfumo wa domeni wa kuthibitisha watumiaji, haimtambui mtu. Halafu kuna ruhusa zenyewe, ambazo zipo mara mbili, kwenye ushirikishaji wa folda na kwenye diski, na ile kali zaidi ndiyo inayoshinda. Katika hali zote hizi kuruhusu wageni hakufungui kitu. Folda inabaki imefungwa, laptopu inabaki wazi.

Kwa hiyo kabla ya kubishana tulegeze au tubane, jaribu kuona kama mlango namba 445 wa seva, unaopitisha SMB, unajibu, kisha soma ujumbe wote mpaka mwisho. Ikithibitika kwamba kizuizi ni mgeni, mimi niko upande wa kurekebisha seva: fungua akaunti kwa kila mfanyakazi kwenye NAS, weka nywila, hifadhi nywila hizo kwenye kila kompyuta. Kwa kompyuta nne ni kazi ndogo, na faida yake inazidi usalama, maana faili ya mishahara ikifutwa utajua nani alikuwa ameingia. SACCOS au zahanati inayoacha taarifa za watu kwenye folda ya kila mgeni ina mzigo mwingine juu ya huo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kwa Tanzania, na ya 2019 kwa Kenya.

Pale kifaa kisipoweza kabisa kuwekewa akaunti zenye nywila ndipo nakubali kulegeza, kwenye kompyuta moja ya mezani isiyotoka ofisini, kwa muda wa kuhamisha faili tu. Mashine ya zamani ya fotokopi inayorusha skani kwa SMB1 haihitaji hata hilo: nyingi zinaweza kutuma kwa baruapepe, kwa FTP (njia kongwe ya kuhamisha faili) au kuandika kwenye flashi. FTP nayo haifichi nywila njiani, kwa hiyo ipe akaunti yake yenyewe, isiyofungua folda nyingine zaidi ya ile ya skani.