Asilimia 56 na mlango wa fakulte ya sheria

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kongo, yakitoka hapa Lubumbashi, swali la kwanza mtaani ni moja: "Ulipata ngapi?" Jibu ndilo linalomgawia mtoto njia. Mwenye 75 anaelekezwa udaktari au politekniki; mwenye 56 anaambiwa, "Basi, wende sheria." Na ndani ya sheria wanagawanywa tena: wenye alama nono wajaribu UNILU, chuo kikuu cha serikali cha hapa mjini; waliobaki watafutiwe chuo cha binafsi.

Sitaubeza ushauri huo. Katika fakulte kubwa ukumbi wa mwaka wa kwanza hujaa, mwalimu hakujui kwa jina, na ukiteleza hakuna anayeona. Kijana aliyefika 52 kwa taabu huenda akasimama vizuri zaidi penye darasa dogo, kwa mtu wa kumsahihishia kazi zake. Mama anayelipa masomo kwa pesa ya soko ana haki ya kuogopa mwaka uliopotea.

Ila asilimia yenyewe imepatikanaje? Siku nne za Exetat ni maswali ya kuchagua jibu: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, masomo ya mchepuo. Insha ya Kifaransa hufanywa mapema, katika hors-session, sehemu ya mtihani inayotangulia siku hizo nne. Sheria nayo ni kazi ya kusoma kifungu, kukipima na tukio, kisha kuandika hoja kwa Kifaransa. Aliyebebwa na kemia hadi 70 bado hajapimwa hapo. Mpwa wangu wa Katuba alitoka mchepuo wa latini na falsafa na 56 yake. Mpe barua ya mgogoro wa kiwanja, atakuonyesha pale aya ya tatu inapoipinga ya kwanza. Nilimwambia aombe UNILU, na leo ningemwambia vilevile, ingawa kuvuka mji hadi Kasapa, iliko kampasi yake, kila asubuhi ni nauli nzito.

Tena sheria ya uavoka, yaani uwakili, ya mwaka 1979 haijali ulipata ngapi sekondari. Inadai shahada ya sheria, kisha miaka miwili ya staji, mafunzo ya kazini. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu pointi, uliza kama chuo kimeidhinishwa na wizara, na kama kinafundisha hadi mwisho: zamani gradua miaka mitatu na lisansi miwili, sasa kwa LMD, mfumo mpya wa digrii, lisansi mitatu na masta miwili. Kuna vijana wanaogundua katikati ya safari kwamba chuo chao hakiwafikishi.

Alama ninayoiamini mimi ni moja tu, ya Kifaransa. Fungua buletini za shule, zenye alama zake, za miaka miwili ya mwisho, uitazame ilivyokwenda. Kisha mpe mtoto ugomvi wowote wa jirani, aandike kurasa mbili akitetea upande mmoja. Zikimshinda, aanzie kwenye darasa dogo, hata kama diploma yake imeandikwa 70.