Gorila Mara Tatu

Lebo za kabati la wanyama zilirudi kutoka kwa mchapaji zikiwa safi, zimenyooka, na nusu yake hazifai. Kijana aliyezipanga ni mtu makini kupita kiasi. Alipofungua orodha ya majina ya kisayansi na kukuta Gorilla gorilla gorilla, akadhani aliyeiandika ana kigugumizi. Akafuta mawili.

“Mzee, nimekusaidia,” akaniambia kwenye simu. “Kulikuwa na marudio mengi mno. Hata fisi mmeandika Crocuta crocuta!”

Nikavuta kiti.

Kwa wanyama marudio hayo ni halali; kwenye mimea ndiko sheria inayakataza. Neno la kwanza ni jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu, huanza kwa herufi kubwa. La pili hutambulisha spishi, na huanza kwa herufi ndogo hata likitokana na jina la mtu. La tatu, likiwapo, ni nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi. Yote huandikwa kwa herufi za mlazo. Basi huyo wa mara tatu ni gorila wa nyanda za chini za magharibi. Ukifuta neno moja, umebaki na gorila wote wa magharibi. Ukifuta mawili, umemwingiza kabatini hata gorila wa milimani, Gorilla beringei beringei, ambaye hakualikwa.

Mabano nayo aliyaondoa, eti “wengine wanayo, wengine hawana, haipendezi.” Baada ya jina la mnyama huja mtaalamu aliyempa jina, na mwaka. Simba ni Panthera leo (Linnaeus, 1758): kwa kuwa Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alimwita Felis leo, mabano yanatangaza kwamba amehamishwa jenasi. Kiboko, Hippopotamus amphibius Linnaeus, 1758, hajahama, kwa hiyo hana mabano. Lakini mbwa mwitu ndiye kiboko yao: mwaka 1820 mtaalamu wa wanyama Temminck alimwita Hyaena picta, akimhesabu kuwa fisi. Alipohamia jenasi ya Lycaon, jina la kiume, picta ikageuka pictus, maana kivumishi cha Kilatini hufuata jinsia ya jenasi kama chetu kinavyofuata ngeli.

Nikamtumia maelezo yote, pamoja na maana ya kila jina, asije akakisia tena. Kwa ndege wa peponi, Paradisaea apoda, niliandika: “asiye na miguu.” Chini yake nikaeleza kwamba Linnaeus alimpa jina hilo mwaka 1758 kwa sababu ngozi zilizofika Ulaya kutoka pande za Guinea Mpya zilikuwa zimeshakatwa miguu. Miguu anayo, tena imara, ila jina halifutwi kwa kuwa maana yake si kweli. Basilosaurus, yaani mjusi mfalme, ni nyangumi, na jina analo mpaka leo.

Kijana alisoma mstari wa juu tu. Lebo mpya ikaja na mlazo sawa, mwaka sawa, kila kitu mahali pake. Kwenye picha, ndege alikuwa anaelea juu ya tawi, miguu imefutwa kwa ufundi ambao sijawahi kuuona.

“Picha yenu ilikuwa na kosa, Mzee,” akasema. “Nimeshalitoa.”