Kilo ya chuma, kilo ya pamba: mkono unakosea, au unajibu swali jingine?

Shule ya msingi tulikuwa na swali la kumnasa mtu: kipi kizito, kilo ya chuma au kilo ya pamba? Aliyejibu chuma alichekwa darasa zima. Siku hizi naamini tulimwonea. Mshikishe mtu kilo ya chuma mkono mmoja na furushi la pamba la kilo ileile mkono wa pili, atakuapia kwamba chuma ndicho kizito.

Daktari Mfaransa, Augustin Charpentier, alilieleza jambo hili mwaka 1891: vitu viwili vikiwa na uzito sawa, chenye umbo dogo huhisiwa kizito kuliko chenye umbo kubwa. Nililijaribu mwenyewe. Nilichukua kopo tupu la maharage na kopo kubwa la maziwa ya unga, nikatia mchanga mkavu, ule wa kopo kubwa nikaubana katikati kwa matambara usichezecheze. Mangi wa duka la mtaani kwetu, ambaye kutwa anapima sukari na mchele, ndiye aliyeyaweka kwenye mizani: gramu 700 kila moja. Kisha nikamwomba ayanyanyue. Akainua dogo, akainua kubwa, akarudia dogo. "Hili limezidi," akasema, na papo hapo akayarudisha kwenye mizani kuhakikisha. 700, na 700.

Tutenge kwanza mambo mawili, maana si kila mzigo unaobadilika mikononi ni wa hisia tu. Mtoto akilala begani huwa mzito, kila mama anajua hilo. Kilo zake ni zilezile, ila hajishikilii tena. Kichwa na miguu vinaning'inia, mzigo unasogea mbali na mwili wa aliyembeba, na misuli kweli inafanya kazi zaidi. Kinyume chake nacho kipo: utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ulipima hewa ya oksijeni waliyotumia wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya wakiwa wamebeba mizigo, ukaona kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Huo ni ustadi wa mwili. Makopo ya Mangi ni jambo jingine kabisa.

Maelezo ya zamani, na ndiyo yaliyoenea, ni ya matarajio. Kabla hujagusa kitu, ubongo umeshakisia nguvu ya kukiinulia. Kopo kubwa linatengewa nguvu nyingi, linaruka juu kirahisi, unaliona jepesi. Yanaingia akilini, lakini mwaka 2000 Randall Flanagan na Michael Beltzner wa Kanada waliyatikisa. Waliwapa watu vitu viwili vya uzito sawa wavinyanyue mara nyingi, huku wakipima nguvu za vidole. Baada ya kunyanyua mara chache tu vidole vilijirekebisha, vikawa vinatumia nguvu inayotakiwa kwa kila kitu. Hisia haikurekebika. Vidole vilishaujua ukweli, mtu bado anasema kidogo ni kizito.

Wapinzani wa matarajio hapo hupata nguvu. Wao husema mkono haujakosea. Unapima kitu kingine, kama vile uzito ulivyosambaa ndani ya kitu, au jinsi kitu kinavyofaa kurushwa. Tena wana hoja nzito: kwa kawaida matarajio huivuta hisia upande wake, basi ukitarajia uzito ulipaswa kuhisi uzito. Hapa inakuwa kinyume. Wana pia sarafu za Ernst Weber, Mjerumani wa karne ya 19, aliyegundua kwamba sarafu ya baridi ikiwekwa juu ya ngozi huhisiwa nzito kuliko ya vuguvugu. Hapo hakuna cha kutarajia. Ngozi yenyewe inachanganya baridi na mgandamizo.

Lakini nao wanakwama kwenye gofu. Mwaka 1998 wacheza gofu walipewa mipira miwili ya ukubwa na uzito sawa, mmoja ukiwa wa mechi, mwingine wa mazoezi, ambao kwa kawaida ni mwepesi sana. Wachezaji walisema wa mazoezi ni mzito zaidi. Wasiocheza gofu hawakuona tofauti. Mkono haukuwa na kingine cha kupima. Kilichotofautiana ni mazoea ya mshikaji. Na mwaka 2008 Flanagan na wenzake waliwazoesha watu, kwa siku kadhaa na mamia ya kunyanyua, vitu ambavyo kadiri vilivyokuwa vikubwa ndivyo vilivyokuwa vyepesi. Mwishowe hisia yao iligeuka: kikubwa ndicho kilichoonekana kizito.

Kwangu mimi hilo ndilo linaloamua sehemu kubwa ya ubishi, ingawa sarafu za Weber haziliingii. Matarajio yapo, ila si yale ya dakika moja kabla ya kunyanyua. Ni yale tuliyoyajenga tangu utotoni kwa kushika maelfu ya vitu, na hayafutiki kwa kuambiwa jibu.

Tena sioni kwa nini tuyaite kosa. Mtazame mama anayechagua machungwa sokoni. Anashika moja, analipima kiganjani, analirudisha, anachukua jingine la ukubwa uleule. Hatafuti gramu. Anatafuta chungwa lililo zito kuliko umbo lake, maana hilo ndilo lenye maji. Anayechagua nazi hufanya hivyohivyo. Swali la mkono ni "kizito kwa ukubwa gani?", na kwa maisha ya kutafuta chakula hilo ni swali bora kuliko la kilo. Hasara inaingia pale bei inapokwenda kwa uzito: paketi ndogo iliyoshindiliwa humfanya mnunuzi ajione amejaziwa kuliko mfuko mkubwa wenye kiasi kilekile. Hapo ombeni mizani, hata kama muuzaji ni rafiki.

Makopo yangu bado yako kaunta kwa Mangi. Wateja hunyanyua, hubishana, huyapima. Yeye amekwisha yapima mara nyingi kuliko wote, na juzi nilipomuuliza akanyanyua tena, akatikisa kichwa: "Najua ni sawa, lakini hili dogo limezidi."