Superman Mpya na Swali Ambalo Filamu Imelikimbia

Filamu ya Superman ya Julai 2025, iliyoongozwa na James Gunn, haituonyeshi steringi alikotoka. Ile ya 1978 na ile ya 2013 zilianzia kwenye sayari ya Krypton, ikaangamia mbele ya macho yetu, mtoto akatua Kansas. Gunn ameyaruka yote hayo. Maandishi mafupi yanatuarifu kwamba Superman alijitokeza kwa watu miaka 3 iliyopita, wiki 3 zilizopita akaizuia nchi ya Boravia kuivamia jirani yake Jarhanpur, na dakika 3 zilizopita ameshindwa pambano kwa mara ya kwanza. Hapo hapo anaanguka kwenye theluji, damu zinamtoka, anampigia mluzi mbwa wake.

Nimeupenda mwanzo huu. Mhusika huyu yupo tangu 1938, na habari za kuzaliwa kwake hata watoto wa hapa Arua, mji wa West Nile huko Uganda, wanazijua bila kuwahi kushika kitabu chake cha katuni. Ila wanaolalamika nao wana hoja. Mashujaa wengine, Green Lantern, Hawkgirl na Mister Terrific, wanaingia wakiwa kazini tayari, na asiyewafahamu anabaki kuuliza huyu naye ni nani. Katika vibanda vyetu vya video swali kama hilo hujibiwa na VJ, anayetafsiri sinema huku akieleza nani ana kisasi na nani. Filamu inayomhitaji VJ kiasi hicho imeacha kazi yake nusu. Kwa Mister Terrific tu ndipo ninasamehe. Edi Gathegi anayemwigiza, mzaliwa wa Nairobi, aliuawa mapema mno katika filamu ya X-Men ya 2011. Safari hii amepewa akili, heshima na pambano ambalo ukumbi mzima unalishangilia.

Mabishano makubwa ni juu ya tabia ya Superman mwenyewe. Wapenzi wa yule wa 2013, Henry Cavill, wanamwona David Corenswet, Superman wa sasa, kuwa laini: anapigwa sana, anapaza sauti akikasirika, na katikati ya vita na dude kubwa anasimama kumwokoa kindi. Yule wa Zack Snyder, mwongozaji wa filamu ya 2013, alikuwa na uzito, sikatai. Alipomvunja shingo adui yake Zod kisha akalia, uchungu wake uliniingia. Lakini maghorofa yalikuwa yameanguka na watu ndani, na filamu haikuwaangalia. Mimi niko upande wa kindi. Anayehesabu hata uhai mdogo namna hiyo, ninamwamini zaidi akishika nguvu.

Kiini cha filamu, kwangu, ni mahojiano. Lois Lane, anayeigizwa na Rachel Brosnahan, anamhoji mpenzi wake kama mwandishi wa habari. Alishauriana na nani kabla ya kuingilia vita vya nchi mbili? Boravia ni rafiki wa Marekani. Je, yeye alikuwa akimwakilisha nani? Superman anapandwa na hasira: watu walikuwa wanakwenda kufa!

Huku kwetu maneno hayo hayapiti hivi hivi. Jirani yangu alikimbia Sudan Kusini mwaka 2016, mwaka ambao kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi ilifunguliwa kule Yumbe, na kwake jibu la Superman linatosha kabisa. Anayezuia risasi haombi kibali. Wazee wa West Nile wanakumbuka upande mwingine. Mwaka 1979 jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni walimng'oa Idi Amin. Kampala ilisherehekea, na ilikuwa na haki ya kusherehekea. Lakini Amin alikuwa mtu wa huku, na askari wa serikali mpya walipokuja kulipiza kisasi mwaka 1980, familia nzima nzima zilivuka mpaka kwenda Zaire na Sudan. Aliyewakomboa wengine hakuwepo kuwalinda hawa. Kwa hiyo Lois hakuwa mkorofi. Aliuliza nani atabaki asubuhi ya pili, na ndilo swali ambalo filamu za mashujaa hulikwepa.

Hapo ndipo Gunn aliponivunja moyo. Baada ya kuuliza vizuri hivyo, anakimbia. Watu wa Jarhanpur wanarudi mwishoni wakiwa umati tu, hatumfahamu hata mmoja wao, mtoto anainua bendera yenye alama ya Superman wakati vifaru vinakaribia. Superman yuko Metropolis, mji anakoishi, nao unapasuka, anawatuma wenzake. Hawkgirl anamnyanyua rais wa Boravia angani na kumwachia. Ukumbi hushangilia, nami ninaelewa kwa nini, ila rais ameuawa na mgeni na hakuna anayeuliza tena. Lex Luthor, adui mkuu wa Superman, amekamatwa, na hiyo inahesabiwa kuwa imetosha.

Sioni kwamba kasoro hii inaifuta filamu. Kuliuliza swali lile ndani ya sinema ya watoto, kwa dakika nyingi, watu wawili wamekaa sebuleni, ni ujasiri ambao yale mapigano yote ya 2013 hayakuwa nao. Filamu inayofuata imetangazwa kwa Julai 2027. Ningependa Lois apande ndege aende Jarhanpur, awahoji wao, na wao wapewe majina.